Chumvi Inayojipanga Ukutani

Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa jijini Tanga mbele ya walimu wa sayansi na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita. Nimepunguza marudio, mengine nimeyaacha yalivyosemwa ukumbini.

Ndugu walimu, wanafunzi, na wazazi mliofika: asalamu alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa waliobaki habari za mchana. Wakubwa zangu, shikamooni. Nawashukuru walionialika, na namshukuru zaidi aliyewasha feni, maana hewa ya leo ina unyevu wa kukamua. Unyevu huo tutauhitaji baadaye, kwa sababu za kikemia.

Nimekuja kuzungumzia chumvi. Kwa watu wa pwani hiyo si habari. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mashamba ya chumvi, jua linafanya kazi yake, na katika kila lita moja zinabaki gramu 35 hivi. Lakini jaribuni kuichukua chumvi hiyo ikiwa kavu, bila tone la maji, muiyeyushe kwa moto peke yake. Jiko la mkaa halitafua dafu: chumvi ya mezani inageuka kimiminika kwenye nyuzijoto 801. Sodiamu na kloridi ni ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ndogo, za duara, zinazopangana vizuri ndani ya fuwele. Zimekaribiana sana, na chaji zinazopingana zikikaribiana hivyo zinashikana kwa nguvu kubwa. Kuzitenganisha ni gharama.

Sasa haribuni ulinganifu huo. Chukueni kationi, yaani ioni chanya, kubwa, yenye umbo lisilo na mpango, mkia upande mmoja, na chaji yake imesambaa badala ya kukaa mahali pamoja. Iwekeni na anioni, yaani ioni hasi, ambayo nayo ni kubwa. Zinashindwa kupangana kwenye fuwele, na nguvu ya kushikana inapungua. Chumvi hiyo inaweza kubaki kimiminika hapa mezani, bila moto wowote. Mwaka 1914 mwanakemia Paul Walden aliandika kuhusu mojawapo, nitrati ya ethiliamonia, inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 12. Kwa hali ya Tanga, hiyo haigandi hata usiku wa Julai. Jambo hilo lilikaa bila wengi kulijali kwa muda mrefu, mpaka mwaka 1992 John Wilkes na Michael Zaworotko walipotengeneza chumvi za imidazoliamu, kationi yenye pete ya kaboni na nitrojeni, zinazostahimili hewa na maji. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Leo tunaziita vimiminika vya ioni, na kwa desturi ya wanakemia jina hilo linapewa chumvi yoyote inayoyeyuka chini ya nyuzijoto 100.

Jambo moja lazima mlishike kabla hatujaendelea. Ndani ya chupa ya kimiminika cha ioni hakuna maji, hakuna spiriti, hakuna kiyeyushi. Maji ya chumvi ni maji yaliyobeba ioni chache. Hapa kila kilichomo ni chaji: chanya, hasi, chanya, hasi, bila mtu wa kati. Lita moja ya ile nitrati ya Walden ina moli 11 hivi za jozi za ioni (moli ni kipimo cha wanakemia cha idadi ya chembe). Maji ya bahari yana takriban nusu moli tu.

Swali langu la leo ni moja: kimiminika cha namna hiyo kinafanya nini kinapokutana na kitu kingine? Kinapogusa kioo, chuma, jiwe, au hata hewa tupu? Nitajibu mapema ili anayesinzia asinzie kwa amani: kinajipanga. Nanomita chache kutoka ukutani kinaacha kuwa kimiminika cha kawaida na kuwa matabaka. Na mimi nadai kwamba karibu kila kazi tunayotaka kukipa kimiminika hiki inaamuliwa ndani ya nanomita hizo chache, wala si katikati ya chupa.

Tuanze katikati ya chupa hata hivyo. Huko kila kationi imezungukwa na anioni, na kila anioni imezungukwa na kationi. Kuna utaratibu, ila hauna upande. Ukikitazama kutoka kaskazini au kutoka chini, wastani ni uleule. Ukiweka ukuta, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Kwanza, upande mmoja hauna tena majirani, kwa hiyo ioni zinazogusa ukuta zote zinaanzia mstari mmoja. Pili, aghalabu ukuta wenyewe una chaji, na hapo hauziachi ioni zichague zenyewe nani atangulie.

Mmeona swala ya Idi inaposaliwa uwanjani. Safu iliyo nyuma ya imamu imenyooka. Ya pili inanyooka kwa sababu ya kwanza imenyooka, na ya tatu vilevile. Ukienda nyuma kwa waliochelewa na watoto, safu zinaanza kupinda, na huko mwisho watu wamesimama tu. Hakuna aliyekwenda kuwapanga watu wa safu ya tano. Walitazama ya nne. Ndivyo utaratibu wa ukutani unavyosafiri ndani ya kimiminika. Ukuta unapanga tabaka la kwanza, tabaka la kwanza linapanga la pili, na kila hatua kitu kidogo kinapotea, mpaka utaratibu unafifia wote. Lakini mfano huu unafika mwisho haraka, kwa sababu safu za uwanjani zote ni za watu wa namna moja, na za kwetu zinabadilishana chaji. Ubadilishanaji huo ndio kiini cha habari yote, kwa hiyo nivumilieni niukokotoe polepole.

Tuseme kipande cha ukuta kina chaji hasi kumi. Namba hizi nazitunga ili tuhesabu pamoja. Kitabu cha kidato cha sita kitakuambia kationi zitakuja kumi na kuifuta chaji hiyo, hesabu imefungwa. Katika kimiminika cha ioni haziji kumi. Zinakuja kumi na tatu. Ioni hizi zimesongamana, kila moja inavutwa na majirani zake na si na ukuta peke yake, na hakuna maji ya kupunguza makali ya mvuto huo. Kwa hiyo tabaka la kwanza linazidisha. Sasa ukuta pamoja na tabaka lake unaonekana kutoka mbali kama kitu chenye chaji chanya tatu. Tabaka la pili linakuja kuifuta hiyo, la anioni, nalo linazidisha: linakuja na nne. Ziada ya hasi moja inaita kationi za tabaka la tatu, na kadhalika, kila mara kosa likipungua. Wanafizikia wanalo neno la Kiingereza kwa tabia hii. Mimi naiita kuzidisha malipo, kwa sababu ndivyo ilivyo: kila tabaka linalipa deni na kuacha chenji inayotakiwa kurudishwa.

Wanafunzi hawapaswi kuniamini kwa maneno. Tabaka moja lina unene wa nusu nanomita au zaidi kidogo, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Nani ameyaona?

Hapa naomba niingie kwenye ulanga, kwa sababu ni madini ya nchi hii na watu wengi wanayadharau. Ulanga ulichimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Ni lile jiwe linalobanduka karatasi kwa karatasi, linalong'aa mchangani. Ukilibandua vizuri, uso unaopata ni tambarare kwa kiwango cha atomu: eneo la kutosha kuweka shilingi halina hata ngazi moja ya atomu. Si kioo wala chuma kilichosuguliwa kinachofikia hapo kwa urahisi. Tena uso huo unapoloa, ioni za potasiamu zilizokuwa juu yake zinaondoka na kuuacha ukiwa na chaji hasi. Kwa mtafiti wa mipaka ya vimiminika, ulanga ni bora kuliko almasi.

Mwaka 1988 Roger Horn, Fennell Evans na Barry Ninham walichukua karatasi mbili za ulanga, wakazikunja kidogo ziwe na mgongo, wakaweka tone la nitrati ya ethiliamonia katikati, kisha wakazisogeza zikaribiane huku wakipima nguvu. Umbali waliupima kwa mwanga unaodunda kati ya karatasi hizo, njia inayoweza kutofautisha hata sehemu ya kumi ya nanomita. Kama kimiminika kingekuwa kimiminika tu, nguvu ingepanda taratibu na basi. Haikuwa hivyo. Nguvu ilipanda, ikaachia ghafla, karatasi zikaruka nusu nanomita hivi, ikapanda tena, ikaachia tena. Kila mruko ni tabaka limekamuliwa nje. Walihesabu matabaka manane hadi tisa. Mimi nikiulizwa ni jaribio gani moja ningependa kulifanya kwa mikono yangu, nitataja hili.

Watafiti waliofuata waliona jambo zuri zaidi. Susan Perkin na wenzake walipobana chumvi za imidazoliamu kati ya ulanga, mruko haukuwa unene wa ioni moja. Ulikuwa unene wa jozi. Fikirini kidogo kwa nini. Nafasi iliyo kati ya karatasi mbili lazima ifunge hesabu ya chaji. Ukifukuza kationi peke yake, umeacha deni ambalo hakuna wa kulilipa. Kwa hiyo wanatoka wawili wawili, chanya na hasi, au hatoki mtu.

Mwaka 2007 Rob Atkin na Gregory Warr wa Australia walitumia hadubini ya nguvu za atomu. Hiyo haitumii lenzi. Ina sindano yenye ncha ya nanomita chache, wanaishusha polepole ndani ya kimiminika, na sindano inahisi kila tabaka inalolitoboa. Walilinganisha nyuso tatu: ulanga, grafiti (kaboni ya ncha ya penseli) na silika (kitu kikuu cha mchanga na kioo). Kwenye ulanga matabaka yalikuwa mengi. Kwenye silika yalikuwa machache, kwa sababu silika ina mabonde na vilima vya kiwango cha atomu, na ukuta uliokunjamana hauwezi kunyoosha mstari. Kwenye grafiti, isiyo na chaji, bado kulikuwa na matabaka, lakini sababu ilikuwa nyingine: mikia ya hidrokaboni (minyororo ya kaboni na hidrojeni) ya kationi inapenda kulala juu ya kaboni. Kwa hiyo usiniambie "kimiminika hiki kina tabia fulani" bila kuniambia kimegusana na nini. Swali hilo la pili halina hiari.

Mtu anaweza kulalamika kwamba sindano na karatasi zinabana kimiminika, na kubana kwenyewe ndiko kunakopanga. Malalamiko ya haki. Mwaka 2008 Markus Mezger na wenzake waliyajibu. Waliweka kimiminika cha ioni juu ya yakuti ya bluu, ambayo ni oksidi ya alumini, bila kubana chochote, wakapiga eksirei kali mpakani kwa pembe ndogo sana na kupima zinavyoakisiwa. Eksirei inasoma wingi wa elektroni kwa kina. Picha iliyotoka ilikuwa mawimbi: tabaka la kationi, tabaka la anioni, tabaka la kationi, yakififia kadri unavyoondoka ukutani. Baada ya hapo sijui mtu makini anayebisha kwamba matabaka yapo.

Naona mkono pale, na nadhani najua swali: je, basi ukutani kimiminika kimekuwa kigumu? Kwa kawaida hapana. Ioni za tabaka la kwanza zinahama polepole kuliko wenzao wa mbali, lakini zinahama. Anayekaa leo kesho ameondoka, mwingine amechukua nafasi. Waja leo waondoka leo, kama tunavyosema hapa kwetu. Tabaka linabaki ilhali wakazi wake wanabadilika. Isipokuwa kuna mahali ambapo kweli kinaganda, nitafika.

Kwanza niseme kuhusu uso wa juu kabisa, ule unaoangalia hewa. Hapa vimiminika vya ioni vinatupa zawadi: havikauki. Maji ukiyaweka kwenye chombo kisicho na hewa yanachemka. Hivi vinatulia, kwa sababu mvuke wake ni mdogo mno. (Kwa muda watu walisema haviwezi kugeuka mvuke kabisa, mpaka mwaka 2006 Martyn Earle na wenzake walipoonyesha kwamba baadhi vinakenekeshwa, yaani vinageuzwa mvuke na kukusanywa tena, vikipewa joto kubwa na ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa.) Kwa hiyo unaweza kuvitazama kwa vyombo vinavyohitaji ombwe, jambo ambalo vimiminika vingi havikuruhusu. Kuna pia mbinu ya leza mbili, moja ya infraredi na nyingine ya mwanga unaoonekana, zinazokutanishwa juu ya uso na kutoa mwanga wa tatu. Uzuri wake ni kwamba mwanga huo wa tatu hautoki katikati ya kimiminika, kwa sababu huko molekuli zimeelekea kila upande na ishara zao zinafutana. Unatoka tu pale penye upande, yaani mpakani.

Watafiti wanachoona kwa mbinu hiyo ni kwamba kationi yenye mkia mrefu wa kutosha inauinua mkia wake hewani na kukiacha kichwa chenye chaji chini, pamoja na anioni. Unaweza kulithibitisha kwa kifaa rahisi kuliko leza. Mkazo wa uso, yaani nguvu inayoukaza uso wa kimiminika, kwa maji ni milinewtoni 72 kwa mita. Wa heksani, ambayo ni hidrokaboni tupu, ni 18 hivi. Ukirefusha mkia wa imidazoliamu, mkazo wa uso unashuka kutoka kwenye tabia ya chumvi kuelekea kwenye tabia ya hidrokaboni. Uso umevaa mafuta, ingawa ndani ni chaji tupu. Na hata ndani si sawasawa: mwaka 2006 José Canongia Lopes na Agílio Pádua walionyesha kwa kompyuta kwamba mikia inakusanyika visiwa visiwa na chaji zinajenga mtandao kati yake. Ukuta, basi, haukuti fujo tupu. Unakuta utaratibu mdogo uliokuwa hauna upande, unaupa upande.

Sasa nadharia, kwa ufupi, kwa ajili ya kidato cha sita. Tangu Helmholtz katika karne ya 19, kisha Gouy mwaka 1910, Chapman mwaka 1913 na Stern mwaka 1924, tunafundisha tabaka pacha: ukuta wenye chaji na wingu la ioni linaloifunika. Unene wa wingu hilo unategemea ukolezi wa chumvi. Katika maji yenye chumvi ya moli 0.001 kwa lita ni nanomita 10 hivi. Kwa ukolezi wa maji ya bahari ni kama 0.4. Chukua fomula hiyohiyo, uiwekee moli 11. Inakupa wingu jembamba kuliko ioni yenyewe! Kanuni haikukosea, sisi ndio tumeitoa nje ya shamba lake. Ilitungwa kwa ioni chache, ndogo, zilizotawanyika majini. Mwaka 2007 Alexei Kornyshev aliandika wazi kwamba vimiminika vya ioni vinadai namna nyingine ya kufikiri, inayozingatia kwamba ioni zina ukubwa na nafasi inaisha. Baadaye, mwaka 2011, yeye na Martin Bazant na Brian Storey walieleza hali mbili. Volti zikiwa ndogo, ukutani kunatokea kule kuzidisha malipo, kwa matabaka yanayobadilishana. Volti zikiwa kubwa mno, tabaka moja halitoshi tena kulipa deni, ioni za aina moja zinarundikana tabaka juu ya tabaka, na ubadilishanaji unasukumwa mbali zaidi. Hali hii ya pili inaitwa msongamano, na ndivyo ilivyo.

Hii ina maana gani kwa mtu mwenye sola juu ya bati? Kapasita kubwa, zile zinazochajiwa kwa sekunde, hutunza nishati hasa katika mpaka huo wa elektrodi (bamba linalopitisha umeme) na kimiminika. Nishati yake ni nusu ya kapasitansi, yaani uwezo wa kutunza chaji, mara volti kipeo cha pili. Maji yanaanza kupasuka kwenye volti 1.23, na hapo safari imeisha. Vimiminika vingi vya ioni vinavumilia volti 3 na zaidi. Kutoka volti 1 hadi 3, kapasitansi ikibaki ileile, nishati inakuwa mara tisa. Lakini haibaki ileile, na hapo ndipo matabaka yanapodai haki yao: ioni zikishasongamana ukutani, kila volti unayoongeza inanunua kidogo kuliko iliyotangulia. Mhandisi anayepima kapasitansi kwenye volti ndogo na kuizidisha tu anajidanganya.

Vilainishi ni habari nyingine nzuri. Matabaka yanayokataa kukamuliwa ni kitu unachokitaka kati ya vyuma viwili vinavyosuguana. Kundi la Perkin lilionyesha mwaka 2013 kwamba msuguano wa utando huu mwembamba wa kimiminika unaenda kwa ngazi: matabaka mangapi yamebaki ndiyo yanayoamua, na yakipungua, msuguano unapanda. Na kuganda nilikokuahidini: mwaka 2017 kundi la Lydéric Bocquet huko Paris lilibana kimiminika cha ioni kati ya sindano na nyuso mbalimbali, likaona kwamba kwenye nafasi ya makumi ya nanomita na zaidi kinageuka kama kigumu, na kadri uso ulivyo na tabia ya chuma ndivyo kinavyoganda mapema. Chuma kinaakisi chaji, na taswira hizo zinaisaidia hali ya ugumu. Nanomita 100 si matabaka manane. Ni jambo la kushangaza, na bado linanishangaza.

Sasa unyevu. Vimiminika vingi vya ioni vinanyonya maji kutoka hewani. Ukiacha chupa wazi Arusha wakati wa kiangazi ni kosa. Ukiiacha wazi Tanga mwezi wa Aprili, jioni umeshika kimiminika kingine. Maji kidogo yanapunguza mnato, jambo linaloonekana zuri, lakini mahesabu ya kompyuta yanaonyesha molekuli za maji zinapenda kukusanyika palepale kwenye elektrodi yenye chaji, yaani mahali pabaya kabisa kwa anayetaka volti 3. Isitoshe, anioni fulani zenye florini, kama tetrafloroborati na heksaflorofosfati, zikikaa na maji zinaweza kutoa hidrojeni floridi, ambayo ni sumu kali. Nayasema haya kwa sababu kwa miaka mingi vimiminika hivi vilitangazwa kuwa "vya kijani" kwa vile tu havikauki. Kutogeuka mvuke ni sifa moja. Baadhi yake vina madhara makubwa kwa viumbe wa majini, na sisi tunaishi kwa samaki.

Kuna ugomvi ambao haujaisha, na napenda wanafunzi wauone ukiwa mbichi. Mwaka 2013 kundi la Jacob Israelachvili huko California lilipima nguvu kati ya nyuso ndani ya vimiminika vya ioni na kukuta, mbali zaidi ya matabaka, mkia mrefu wa nguvu unaofika nanomita nyingi, kana kwamba ioni zilizo huru ni chache mno. Mwaka 2016 Alexander Smith, Alpha Lee na Perkin wakaona kwamba katika chumvi iliyokolea, umbali huo unarefuka kadri ukolezi unavyopanda, kinyume cha tulichofundishwa. Wengine waliopima kwa vyombo tofauti hawakuuona mkia huo. Mimi naamini matabaka bila wasiwasi. Mkia mrefu bado naukopesha tu imani, siupi.

Mtaniuliza mkonge uko wapi, maana mtu hawezi kusema Tanga saa nzima bila kuutaja. Uko hapa: nyuzi za mkonge kwa sehemu kubwa ni selulosi, na selulosi haiyeyuki kwenye maji wala kwenye spiriti. Mwaka 2002 Richard Swatloski, Robin Rogers na wenzao huko Alabama waliiyeyusha kwenye kloridi ya imidazoliamu. Kloridi zinang'ang'ania vifungo vya hidrojeni vinavyoshikanisha nyuzi, zinavifungua kuanzia kwenye uso wa uzi. Ufini wamelifikisha mbali: Chuo Kikuu cha Aalto kinasokota nyuzi mpya kutoka mti wa bechi (kwa Kiingereza birch) kwa kimiminika cha ioni, na mwaka 2018 Jenni Haukio, mke wa rais wao wa wakati huo, alivaa gauni la nyuzi hizo kwenye sherehe za uhuru. Kati ya bechi na katani, mimi najua niko upande gani. Kikwazo ni bei ya kimiminika na ulazima wa kukirudisha chote baada ya kazi. Ukipoteza kidogo kila mzunguko, faida imekwenda.

Kwa walimu wasio na hadubini ya atomu, kuna ndugu wa karibu wa vimiminika hivi mnayeweza kumtengeneza kesho. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake wa Leicester walichanganya kolini kloridi na urea. Moja huyeyuka kwenye nyuzijoto 302, nyingine 133. Zikichanganywa moli moja kwa mbili, zinakuwa kimiminika mpaka nyuzijoto 12. Yaani gramu 140 za kolini kloridi kwa gramu 120 za urea, mnapasha kwa nyuzijoto 80 hivi huku mkikoroga mpaka mchanganyiko uwe angavu. Kolini kloridi inawekwa kwenye chakula cha kuku, na urea ni mbolea, lakini msinunue ya dukani kwa jaribio hili. Ya kuku huja imechanganywa na vitu vingine. Nunueni ya maabara, na hifadhini kwenye chupa yenye kizibo cha kubana. Kisha hesabuni matone: dripu ileile, ujazo uleule, kwanza maji, halafu mchanganyiko wenu, halafu mchanganyiko ulioachwa wazi usiku kucha. Pimeni uzito wa tone moja kwa kupima mia. Uzito wa tone unafuata mkazo wa uso, na mkazo wa uso ni habari ya tabaka la juu kabisa. Ya tatu haitalingana na ya pili, na wanafunzi wenyewe waeleze kwa nini.

Nimemaliza yangu. Dada wa safu ya tatu aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja ulanga, anza wewe.